Mgeni Niliyemlaza Penye Viatu

Jioni ile chumba cha pili walikaa wanaume watano, nami nianze na wao kwa sababu habari yao ni fupi. Alikuwepo ndugu yangu mdogo, tumbo moja mimi na yeye, aliyesimama mahali pa baba wa mjukuu wangu, kwa kuwa baba mwenyewe, mwanangu, alishatangulia mbele ya haki. Alikuwepo mtoto wa huyo ndugu yangu, wa kuwamiminia wageni maji. Na walikuwepo wazee watatu wa upande wa kijana aliyekuwa anaposa. Kijana hakuja. Kwetu muoaji hajiombei mwenyewe.

Chumba cha wanawake nilikuwepo mimi, mwenye nyumba. Alikuwepo jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu hapa mtaa wa Waberi, Garissa, zinashiriki ukuta. Si wa damu yangu, lakini ameniona nikizaa na ameniona nikizika. Alikuwepo shangazi wa kijana, bikizee anayenizidi umri, mwenye ulimi. Na alikuwepo dada mkubwa wa kijana, aliyemlea tangu mama yao afariki, ambaye kijana hafanyi jambo bila yeye kuitikia. Huyo dada alikuja na mtoto wake wa miezi minne. Mjukuu wangu, anayeposwa, alikuwa jikoni, maana msichana hakai mbele ya wakwe siku anapoombwa.

Majina yao yote ninayo. Mimi sisahau jina la mtu. Hata la yule mtoto ninalo, na la baba yake, na la babu yake, mpaka babu wa saba, kama tulivyokaririshwa utotoni. Lakini hapa sitaandika hata moja. Aibu ni yangu, majina ni ya watu.

Jambo lingine niseme mapema. Kuandika nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni, wakati nikipika chai katika shule moja ya msingi. Tulifundishwa kwa Kiswahili. Kisomali ndicho cha ulimi wangu, ila mkono wangu haukukisoma. Kwa hiyo watu humu walisema Kisomali, nami nimewaleta kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza.

Sasa habari yenyewe. Siku tatu kabla ya wageni kuja, mjukuu wangu alinijia na simu mkononi.

"Ayeeyo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita bibi, "yule dada yake anauliza, anaweza kuja na mtoto? Hana wa kumwachia."

"Hilo nalo ni la kuuliza? Mwambie aje naye. Mtoto ndiye mgeni wa kwanza."

Nilisema hivyo mimi mwenyewe, na mdomo wangu huu. Mjukuu wangu akaandika kwenye simu maneno yangu kama yalivyo, akayatuma. Ningependa kusema nilidanganywa au nilishtukizwa, lakini hapana. Nilimwalika.

Basi tukaanza kuandaa. Mbuzi alikuwepo, mchele ulikuwepo, ndizi za kulia wali zilikuwepo. Kilichonisumbua ni sakafu. Chumba changu cha wanawake kilikuwa na magodoro mekundu ya kukalia, yamezunguka ukuta, hayo hayana neno. Lakini katikati palikuwa na mkeka wa plastiki uliochanika pembeni na kuungua mahali palipoangukia kaa la chetezo. Kila nikiutazama nilimwona yule shangazi mwenye ulimi akiutazama. Nikaenda kwa jirani.

Jirani ana zulia ambalo binti yake alimletea kutoka ng'ambo. Jeupe la kuelekea maziwa, nene, mguu unazama. Hulikunja na kulifunika shuka, na hulikunjua tu wakati wa kuswali na wakati wa Idi. Nikaliomba.

"Nitakuazima," akasema. "Chai ikimwagika, Mungu mkubwa, tutasugua. Lakini mimi naswali juu yake. Najisi isiguse."

"Kwani nakaribisha mbuzi?"

"Sijasema mbuzi. Nimesema najisi."

Akaja nalo mwenyewe, wajukuu wake wawili wakilibeba mabegani kama wanaokwenda makaburini, naye nyuma yao akiwaambia wasiliburuze. Na alipokwisha kulitandika hakurudi kwake. Alikaa kwenye godoro akaniambia atanisaidia kupokea wageni. Nikajua amekaa kulinda zulia. Nikamwacha, maana chumba kilikuwa kimebadilika kabisa, nami nilijiona mama wa nyumba ya maana.

Wageni walifika baada ya Magharibi. Joto la siku ile mnalijua nyinyi mnaokaa Garissa, joto ambalo jua likizama ndipo kuta zinaanza kulitoa. Feni ilizunguka kidogo, stima ikakatika, tukawasha taa za betri. Viatu vikavuliwa mlangoni, vikajaa. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mifugo, za mvua, za wagonjwa. Yule dada alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, amevaa dera la kijani, na amechoka. Uchovu wake niliuona. Niliuona na sikuuliza.

Mtoto alikuwa analia kwa joto. Mama yake akamfunua, na tukaona shingo na mapaja yamejaa vipele. Akamvua nepi, akatandika kitambaa chembamba katikati ya zulia, akamlaza chali. Mtoto akanyamaza saa ile ile, akaanza kurusha miguu.

Jirani yangu akakohoa.

Nikajifanya sikusikia. Akakohoa tena, na safari hii alinitazama mimi, kisha akatazama kile kitambaa, kisha mimi.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiolijua. Tumefundishwa tangu wadogo kwamba mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajaonja chochote ila maziwa, ukimwagika mahali, unanyunyizia maji basi. Wa mtoto wa kike ni lazima uoshe. Ndiyo mafundisho, na kila mwanamke wa kwetu aliyelea anayajua. Kuosha zulia lile kulikuwa ni kulipeleka uani, kulimwagia madumu ya maji, kulianika siku tatu, na kusemwa na jirani miaka mitatu. Kwa hiyo akilini mwangu swali lilikuwa la zulia. Naapa lilikuwa la zulia. Nikamwuliza yule dada:

"Mtoto ni wa kiume au wa kike?"

"Wa kike, Eddo," akajibu. Eddo ni shangazi, ndivyo anavyoitwa mwanamke mkubwa kwa heshima. "Alhamdulillahi."

"Ala," nikasema. "Basi asilale hapo."

Nikainuka mwenyewe. Nikautoa ule mkeka wangu uliochanika nyuma ya mlango nilikouficha, nikautandaza pale penye viatu, kwa kuwa ndipo zulia lilipokuwa limeishia. Nikasukuma viatu kwa mguu kupata nafasi. Kisha nikamwinua mtoto na kitambaa chake nikamlaza pale.

Shangazi mtu akanitazama. "Na angekuwa wa kiume?"

"Wa kiume hana neno," nikasema. "Angekaa tu."

Nilijibu upesi kama mwanafunzi anayejua jibu. Hata nilifurahi kwamba limenitoka sawasawa. Jirani yangu alilegea mabega, akachukua tende. Yule dada aliinamisha kichwa, akavuta mtandio wake mbele, akasogea kutoka kwenye godoro la wageni hadi ukingo wa zulia, karibu na mlango, ili mkono wake umfikie mtoto.

Nilikuwa na nafasi pale ya kusema, "Samahani mwanangu, ni zulia tu." Neno moja. Lakini nikisema zulia, jirani yupo pale. Shangazi mwenye ulimi angesema, "Zulia lako limekuwa msikiti?" nami ningesema uongo mbele ya mwenye zulia au ningesema kweli, kwamba nimewatandikia wakwe kitu cha kuazima. Nikaona heri ninyamaze. Hivyo ndivyo nilivyopima. Upande mmoja mtoto wa watu amelala penye viatu, upande mwingine mimi kuonekana sina zulia, nami nikaona upande wangu ndio mzito.

Sinia ikaingia. Mtoto wa ndugu yangu aliifikisha mlangoni, nikaipokea juu ya kichwa cha yule mchanga aliyelala, kwa sababu njia ilikuwa hapo hapo. Tukaizunguka. Nikataka kupooza mambo. Na mimi nikitaka kupooza ndipo ninapoharibu.

"Huyu ni wa ngapi?" nikamwuliza yule dada.

"Wa nne."

"Na wakubwa zake?"

"Wa kike, wote."

"Haya basi," nikasema, nikainua mikono yote miwili, na wali vidoleni, "Mungu akujalie wa kiume wa tano, akufute machozi."

Niliomba kwa moyo. Nilidhani nampa zawadi.

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Sina machozi, Eddo," akasema polepole. "Mtu amekwambia nina machozi?"

"Hapana, ni dua tu."

"Mimi sikuomba hiyo."

Akanawa mkono kwenye birika, ingawa alikuwa amekula tonge mbili tu. Akamwinua mtoto, akakivuta kile kitambaa kutoka kwenye mkeka, akasema, "Huyu anahitaji hewa," akatoka. Nilimsikia akikata kona ya ukumbi, si kwenda kibarazani. Alikuwa anakwenda jikoni.

Mkwe hali jikoni. Mwanamke aliyekuja kuposa kwenda kukaa jikoni kwako, kwa watu wetu, ni afadhali akuondokee kabisa.

"Tuleni," shangazi akasema, "wali haujamkosea mtu."

Tukala. Wanawake watatu wazee, sinia ya watu sita. Kidogo kidogo tukaanza kusikia sauti kutoka jikoni. Kwanza maji yanamiminwa. Kisha mjukuu wangu akisema kitu, yule dada akimjibu. Kisha kicheko cha mtoto, kile cha mtoto mdogo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kucheka, kama mtu aliyepaliwa. Kisha wakacheka wote watatu.

Shangazi akasimamisha tonge hewani, akasikiliza. "Huko ndiko kuna karamu," akasema. "Hapa tumekuja kulinda nini?"

Jirani akatazama zulia. Mimi nikatazama sinia.

Baadaye nilijua walichokuwa wakifanya. Mjukuu wangu, alipomwona mgeni ameingia jikoni na mtoto analia, hakuuliza. Alichukua beseni la kuoshea mchele, akalisuuza, akamimina maji ya vuguvugu, akamkalisha mtoto ndani akimshika kwapani. Wale wawili wakakaa chini kwenye sakafu ya saruji, wakala wali kwenye sufuria, mkono mmoja wa kula, mmoja wa kumshika mtoto, wakipokezana. Msichana wa miaka ishirini na mbili. Mimi sikumfundisha hayo. Au labda nilimfundisha zamani, wakati nilikuwa sina zulia la mtu.

Wageni waliondoka baada ya Isha kwa adabu zote. Wanaume walikuwa wametoka chumbani wakicheka. Yule dada aliniaga vizuri, mkono wangu akaubusu. Ndugu yangu akaniambia, "Mambo mazuri. Wamesema wataleta neno."

Mjukuu wangu alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua uso.

"Ayeeyo, ulimwambia nini?"

"Nani? Nilimwombea dua."

"Dua gani?"

Nikamwambia. Akaacha kusugua. Akaketi kwenye dumu la maji, mikono ina povu mpaka viwiko.

"Mume wake ameoa mke wa pili huko Habaswein," akasema. "Mwezi huu. Mtoto alipozaliwa tu, mama mkwe wake alikuja hospitali, akafunua nguo, akaangalia, akafunika, akaondoka bila kumbeba. Kisha wakaenda kumtafutia mwanamume mke wa kumzalia wavulana. Yeye yuko peke yake na wasichana wanne. Ndiyo maana hakuwa na wa kumwachia mtoto."

"Kakwambia yeye?"

"Nani mwingine? Alinieleza hapa hapa. Akaniambia, hata kwenu nimeulizwa kwanza ni wa kiume au wa kike, kisha nikaonyeshwa mlango."

Nilitaka kumwambia kuhusu zulia. Nilifungua mdomo. Lakini jirani alikuwa bado chumbani na taa, amepiga magoti, anapitisha kiganja juu ya zulia inchi kwa inchi akitafuta unyevu. Alipomaliza akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, kavu."

Siku zikaanza kupita. Kawaida neno linaletwa siku ya tatu, ya nne ikichelewa. Ya tano hakuna. Ya saba hakuna. Mjukuu wangu hakunilaumu tena, na hilo ndilo lilinitesa. Aliamka, akapika anjera, mkate wetu wa asubuhi, akaenda kazini dukani, akarudi, simu akaiweka uso juu mahali anapoweza kuiona. Alikuwa amempenda yule kijana. Hakuniambia, lakini nimemlea tangu ana miaka mitatu, najua anavyokunja nguo akiwa na furaha na anavyozikunja akiwa hana. Ndugu yangu alipopigiwa simu alisema, "Wanaume tulimaliza. Kama kuna kitu, kiko upande wenu." Upande wetu ulikuwa ni mimi.

Siku ya kumi nikavaa, nikachukua tuktuk, nikaenda Iftin kwa yule dada. Sikumwambia mtu. Sikubeba zawadi, kwa sababu nilifikiri zawadi itaonekana nimekuja kununua.

Nilimkuta uani anafua, wale wasichana wakubwa watatu wanamsaidia kukamua nguo. Shangazi mwenye ulimi naye alikuwepo, amekaa kivulini kwenye kigoda. Mtoto alikuwa mgongoni kwa dada yake mkubwa, amefungwa kwa leso, amelala. Nilikaribishwa vizuri, siwezi kusema uongo. Chai ikaja, ya maziwa ya ngamia, na sukari ya kutosha. Ndio waliojua kupokea mgeni.

Nikasema, "Mwanangu, nimekuja kuomba msamaha. Siku ile nilikosea ulimi. Mimi ni mzee. Nakuomba, kosa langu lisimwangukie msichana. Yeye hakusema kitu. Mkinikasirikia, mnikasirikie mimi."

Akafuta mikono kwa dera. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Eddo, umekuja kwa ajili ya msichana wako au kwa ajili ya wangu?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa baya.

"Kama ni kwa ajili ya wako," akaendelea, "kunywa chai yako kwa raha. Neno la msichana wako nililitoa jikoni kwako siku ile ile, tukiwa bado tunakula. Ndugu yangu alipeleka ng'ombe mnadani, lori likaharibika njiani, wazee wanamngoja ili waje pamoja. Watakuja Ijumaa. Hatukunyamaza kwa hasira."

Niliona aibu ikipanda kutoka miguuni. Siku kumi nilijifikiria mimi ndiye nimefunga mlango na mimi ndiye nimekuja kuufungua, na kumbe mlango huo haukuwa umefungwa. Mjukuu wangu alikuwa ameshaufungua mwenyewe kwa beseni la kuoshea mchele. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kutengeneza pale ndicho sikukitaja.

Nikasema, "Nilikuwa naogopea zulia." Likatoka hivyo tu. Nikaeleza yote, mkojo wa kike na wa kiume, jirani, kikohozi. "Na zulia halikuwa langu. Nililiazima ili mnione."

Shangazi akapiga paja. "Nilijua! Nilisema kwenye gari, mwanamke mwenye zulia kama lile hawezi kuwa na birika iliyobonyea vile!"

Yule dada hakucheka. "Mafundisho nayajua, Eddo. Mama yangu alinifundisha kabla hajafa, nami nawafundisha hawa. Yanasema osha. Hayasemi umpeleke kwenye viatu."

"Kweli."

"Ungeniambia, lete nepi, ningemvisha. Ungeniambia, mpakate, ningempakata. Mimi mwenyewe ningekunja hilo zulia. Wewe uliuliza ni wa kiume au wa kike, nikakujibu kwa furaha, nikasema alhamdulillahi. Ulinisikia niliposema alhamdulillahi?"

"Nilikusikia."

"Kwa hiyo mwanangu alizidiwa na zulia la jirani."

Wale wasichana walikuwa wameacha kukamua nguo. Mkubwa, labda ana miaka kumi na moja, alinitazama huku anamtikisa mdogo wake mgongoni, polepole. Alikuwa anaelewa kila kitu. Nikajua siku moja atawasimulia watu, na katika masimulizi yake mimi nitakuwa nani.

Nikaomba msamaha mara ya pili. Safari hii sikumtaja mjukuu wangu. Nilimtaja mtoto kwa jina lake, na jina la mama yake. Nilisema nilimwalika mgeni, na alipofika nilimwondoa mahali pa wageni, na sababu ilikuwa kiburi changu. Na ile dua, nikasema, niliiomba bila kumwuliza mwenyewe anachotaka, na kama Mungu anaweza kuirudisha basi airudishe.

Akachukua nguo kutoka kwa binti yake, akaikamua maji, akaitundika kambani, akanyoosha kona zake. Kisha akasema, "Nimesikia."

Hilo tu. Shangazi alimtazama akingoja zaidi. Mimi pia nilingoja. Akaniongezea chai.

Ijumaa wazee walikuja kama alivyosema, na ndoa ikafungwa, na mjukuu wangu ana mtoto wake sasa, wa kiume, ambaye watu wanampongeza nami natazama pembeni. Yule dada huja kwenye kila jambo letu. Hubusu mkono wangu, huniita Eddo, hunipa kiti. Binti yake mdogo anatembea, anasema sana, anajua kuhesabu mpaka ishirini. Alipokuwa bado wa kubebwa alipitishwa mikononi mwa kila mwanamke wa familia hii, kwenye arusi, kwenye Idi, kwenye msiba wa ndugu yangu. Kwangu hakufikishwa. Kila alipokaribia kunifikia mama yake alimchukua, kwa upole, kana kwamba amekumbuka kitu. Hakuna aliyeona ila mimi na yeye. Sasa ni mkubwa, habebwi tena.

Nimeandika haya kwa sababu mjukuu wangu alisema niandike mambo ya posa yake, mtoto wake aje asome, naye alidhani nitaandika kuhusu wali na kanga. Mliokuwepo mtayasoma. Kama mtoto alikuwa wa miezi mitano na si minne, semeni. Kama dera halikuwa la kijani, semeni. Jirani, kama hukukohoa mara mbili bali mara moja, njoo uniambie, ukuta ni mmoja. Na wewe mama wa mtoto, mimi najisifu sisahau kitu, lakini siku ile uani nilikuwa naogopa, na mwenye woga hukosa mengi. Kama baada ya lile neno moja ulisema lingine na mimi sikulishika, nirekebishe. Nitafuta hapa na kuandika ulivyosema.